Impreza namba C: pesa na makosa yaliyonifundisha kulitunza

Juni 2021 nililipa Sh 14,500,000 kwa Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, rangi ya buluu, gia za mkono, namba C, yaani herufi za namba yake ya usajili zinaanza na C. Jioni ya siku hiyo akaunti yangu ilikuwa imebaki na Sh 380,000. Naanza na hiyo 380,000 kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Bei ya gari niliipigia hesabu kwa miezi minane. Pesa ya kulihudumia baada ya kulinunua sikuipigia hesabu hata usiku mmoja.

Hapa Dodoma naulizwa mara kwa mara, getini kazini, kituo cha mafuta, hata kwenye foleni ya benki: dada, hilo gari halisumbui? Jibu la kweli ni refu, halisemeki dirishani. Nimeamua kuliandika lote, pamoja na pesa zilizotoka na makosa niliyofanya mwenyewe, kwa ajili ya yule ambaye leo ana milioni kumi na kitu mkononi na picha ya gari la aina hii kwenye simu.

Mapenzi yangu kwa gari hili ni ya zamani. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kule Kenya akiendesha Impreza, na mjomba wangu pale Mpwapwa akaikata picha ya gazeti na kuibandika ukutani sebuleni, gari la buluu lililojaa tope mpaka kwenye vioo. Nimekula chakula cha usiku chini ya picha ile miaka na miaka. Mwaka 2003, nikiwa sekondari, Petter Solberg akawa bingwa wa dunia wa rali kwa Impreza. Kwa hiyo nilipohamia Dodoma pamoja na wizara yetu mwaka 2017 na kuanza kuweka akiba, gari nililolitafuta lilikuwa moja tu, lile la ukutani. Mteja wa namna hiyo anapendwa sana na madalali. Ameshanunua kabla hajafika.

Dalali alinipigia saa nne asubuhi: gari limepatikana, njoo Area C. Nilipofika nililikuta linanguruma, limeoshwa, matairi yamepakwa dawa ya kung'arisha. Nililizunguka mara mbili nikitazama rangi. Nikaingia, nikashika usukani. Tukatoka nalo barabara ya Arusha mpaka Miyuji na kurudi, likavuta vizuri, tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini, ikaingia kwa ule mluzi wake, nywele zikanisimama. Tukapatana bei tukiwa njiani.

Injini ilikuwa imeshapashwa moto kabla sijafika, nami sikuliona hilo kuwa jambo. Injini ya gari hili, EJ20 yenye tabo, ina silinda nne zilizolala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto. Ikianza kuchoka, ugonjwa wake husikika dakika chache za mwanzo asubuhi, chuma kikiwa bado cha baridi: pistoni zinagongagonga, moshi wa buluu unatoka kidogo nyuma. Injini ikishapata moto na chuma kikatanuka, kelele inapungua au inapotea kabisa. Dalali mzoefu huliwasha nusu saa kabla ya mteja kufika. Ukienda kukagua, hata kabla hujatazama rangi, weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta lina joto, mshukuru mwenye gari, mwambie utarudi kesho alfajiri na utaliwasha wewe mwenyewe.

Na upime kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Plagi zinatolewa, kipimo kinafungwa kwenye tundu la plagi, injini inazungushwa kwa stata, unasoma. Silinda zote nne zinatakiwa zikaribiane sana. Moja ikiwa chini ya wenzake, ondoka hata kama gari linang'aa kama sahani. Kwenye Subaru plagi ziko ubavuni, fundi anaingiza mkono kwenye nafasi finyu, ndiyo maana wengi watakwambia haina haja. Ina haja. Fundi aliyekuja nami alitaka Sh 80,000 kwa kazi hiyo, mimi nikaona ni nyingi. Siwezi kusema kipimo kile kingezuia yote yaliyonikuta. Lakini kingeniambia mapema kwamba ringi za pistoni zimechoka na gari linakula oili, na hiyo ndiyo habari niliyoihitaji kuliko zote.

Karatasi nizipitie upesi. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi na ile ya kwenye kadi, herufi kwa herufi. Angalia faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi kabla hujalipa hata kishika uchumba. Mimi nilikuta faini nne za mwenye gari wa zamani baada ya kulipa, Sh 30,000 kila moja, na simu yake ilikuwa haipokelewi tena. Badilisha umiliki TRA wiki hiyo hiyo. Ukichelewa, gari linabaki la mtu mwingine, na siku akigeuka huna pa kushika.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya furaha tupu, na siogopi kuisema. Kutoka Nkuhungu kwenda Mtumba asubuhi, jua linachomoza mbele yako, barabara imenyooka, gia ya tatu, ya nne. Nilikuwa nafika kazini nimechangamka kuliko mtu yeyote ofisini. Mafuta yalikuwa yananila, kilomita saba au nane kwa lita hapa mjini, kumi ikiwa safari, lakini hilo nilikuwa nimelikubali tangu mwanzo.

Ambacho sikukijua ni Dodoma yenyewe. Huku kwetu mvua ni ya miezi michache, na ikikata Mei unaweza kukaa mpaka Novemba hujaona tone. Vumbi ni laini kama unga wa muhogo, linaingia kila penye upenyo. Mwenye gari wa kwanza alikuwa amefunga filta ya hewa ya wazi, zile nyekundu zenye umbo la koni, kwa ajili ya mlio. Ni nzuri kusikiliza. Lakini nilipovua bomba la hewa mara ya kwanza na kupitisha kidole kwa ndani, kidole kilitoka na tope jembamba. Vumbi lile likifika kwenye tabo linakwangua mapanga yake, likifika kwenye silinda linafanya kazi ya msasa. Nilirudisha boksi la asili na filta ya karatasi, naibadilisha kila nikibadilisha oili. Kwa hili sina mjadala na mtu: filta ya wazi haifai Dodoma.

Jambo jingine ni maji. Maji yetu ya bomba yana chumvi, kila mwenye birika nyumbani anaona ukoko mweupe chini. Nilikuwa najazia rejeta kwa maji hayo hayo, lita nzima kwa wakati, kwa sababu kulensi, ile dawa ya kupoozea injini, niliiona ni anasa. Ukoko unaouona kwenye birika ndio unaojijenga kwenye vijibomba vya rejeta, na injini yenye tabo ina joto la kutosha bila kuongezewa hilo. Mwaka 2024 nilinunua rejeta mpya kwa Sh 480,000. Kulensi ya kuchanganya na maji yaliyochujwa ingenigharimu sehemu ndogo sana ya pesa hiyo. Na ukiosha gari, pitisha maji ya presha ya chini katikati ya mapezi ya rejeta kutokea ndani kwenda nje. Vumbi na wadudu huziba huko, gari likachemsha bila kuvuja popote.

Sasa nifike kwenye kilichoua injini.

Gari lilikuwa limeshushwa kwa springi fupi. Barabara ya mtaani kwetu ina matuta yaliyojengwa na wananchi wenyewe, kila mmoja na kipimo chake. Septemba 2022 nilikwaruza chini, na kesho yake nikaona oili imedondoka sakafuni, tone moja moja. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa imepata ufa pembeni. Fundi wa jirani aliishusha, akachomea, akairudisha kwa silikoni, jumla Sh 60,000, na nikachukua gari siku hiyo hiyo kwa sababu Ijumaa yake nilikuwa na safari ya harusi ya binamu Dar es Salaam. Nilimsukuma. Alipotaka nilale bila gari ili silikoni ikauke vizuri, nilimwambia kaka, mimi nina safari. Hilo nalikumbuka vizuri, kwa hiyo lawama ya kilichofuata siwezi kumtupia yeye peke yake.

Sikupima oili kabla ya kuondoka Dodoma. Sikupima Dar. Kijiti cha oili cha Subaru kina ugumu wake, ukikichomoa mara tu baada ya kuzima injini kinatoka kimepakaa kotekote, huoni mstari. Inabidi uzime kwenye ardhi tambarare, usubiri kama dakika kumi, ukichomoe, ukifute, ukirudishe, ukichomoe tena, uangalie pande zote mbili na uamini ule ulio chini. Ni dakika kumi na tano. Sikuwa nazo, au nilijiambia sina.

Jumapili ya kurudi ilikuwa Oktoba, joto la kuunguza. Morogoro nikala, Dumila nikapita. Kutoka Dumila kwenda Gairo barabara inapanda na kukata kona, na ndiyo sehemu ambayo gari hili linaonekana limeumbiwa. Nililiendesha kwa nguvu. Kwenye kona moja ya kulia taa nyekundu ya oili iliwaka, sekunde moja, ikazima. Nikaiona. Nikasema moyoni labda ni sensa.

Nikikwambia jambo moja tu kuhusu magari haya, ni hili: taa ile ikiwaka, zima. Usitafute kituo, usitafute kivuli, usimalize mlima. Weka pembeni, zima. Injini inayozunguka bila presha ya oili inajila yenyewe kwa sekunde.

Nilipita Gairo. Kilomita kadhaa mbele ikaanza sauti, kwanza hafifu, kama mtu anagonga mlango wa mbali kwa kifundo cha kidole. Nikikanyaga mafuta inagonga haraka, nikiachia inapungua. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili jioni, mimi ni mwanamke peke yangu barabarani, na Kibaigwa ilikuwa mbele. Nikaamua kujikongoja mpaka huko. Sijilaumu kwa kuogopa giza. Lakini kwa injini, kilomita zile za kujikongoja ndizo zilizogeuza biringi zilizochubuka kuwa krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, iliyoharibika. Leo ningeegesha penye kijiji chochote chenye taa, nikapiga simu, nikalala kwa mtu.

Kibaigwa malori yalikuwa yamejipanga upande wa soko la mahindi. Niliegesha mbele ya duka la mzee mmoja, nikazima, na ule ukimya uliofuata ndio ulionitoa machozi. Mzee akaja dirishani. "Mbukwenyi," akasema, nami nikaitikia. Akauliza nina nini. Nikasema, "Babu, nimeua gari." Akaniambia gari halifi, linaumwa, akamwita binti yake aniletee chai. Nililala kwao. Asubuhi brekidauni kutoka Dodoma ilikuja, Sh 350,000, na mdogo wangu wa kiume ndani yake, hakusema neno njia nzima. Nilimshukuru kwa hilo.

Fundi niliyempelekea hapa mjini alisikiliza sekunde tano akazima. "Dada, ni konrodi hii, mkono unaoshika pistoni na krenki. Mimi kuifungua nitaifungua. Kuifunga tena Subaru yenye tabo, sikudanganyi, sina uhakika." Nimewahi kukutana na mafundi wengi wenye maneno mazuri. Huyu aliyekubali mpaka wa ujuzi wake ndiye ninayemwamini mpaka leo kwa breki, bushi na kila kazi ya chini.

Aliposhusha sampu tuliona vyote. Oili iliyotoka ilikuwa lita mbili na kidogo, mahali panapotakiwa lita nne na zaidi. Inang'aa kwa chembe za chuma, kama mchuzi ulionyunyizwa unga wa fedha. Na kwenye chujio la bomba linalonyonya oili kulikuwa na nyuzi za silikoni, zile zilizobinuka kwa ndani sampu ilipobanwa, zikakatika, zikanyonywa. Ringi zilizochoka zilikuwa zimeila oili, silikoni imeziba nusu ya chujio, na kona za mlimani zilipoitupa oili kidogo iliyobaki upande mmoja wa sampu, pampu ikanyonya hewa. Kila kimoja peke yake pengine kisingeniua. Vilikutana Gairo.

Hapo unakuwa na njia mbili, na watu wanagombana sana juu yake. Kununua injini ya mtumba iliyotoka Japani, au kufungua na kujenga yako. Kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, niliambiwa Sh 4,500,000 kwa injini "kamili", dhamana yake ni kuwashiwa uisikie. Uzuri wake ni haraka, wiki moja unarudi barabarani. Ubaya ni kwamba unanunua tena gari ambalo boneti lake sikuligusa: injini ya miaka karibu ishirini, historia yake haijulikani, na ukiifunga bila kuifungua utakuwa umerudi pale pale nilipoanzia. Mdogo wangu alitaka hiyo. Mimi nikachagua kujenga, na sijutii, ingawa ilichukua miezi minne.

Injini ilishushwa, ikafungwa kwenye godoro kuukuu, ikasafiri kwenda Dar na lori la mizigo mpaka kwa fundi mmoja Ilala ambaye hafanyi kazi nyingine zaidi ya Subaru. Alinipa masharti kabla hajaigusa. Krenki haichongwi, inatafutwa nyingine nzima, kwa sababu chuma chake kimetiwa ugumu juu na ukikichonga unauondoa. Pampu ya oili mpya, ya zamani haisafishwi. Kifaa cha kupoozea oili kinatupwa, kwa kuwa chembe za chuma hujificha ndani yake, na ukiosha namna gani zitatoka siku moja na kula biringi mpya. Bolti ya bomba la oili linalokwenda kwenye tabo ifunguliwe, ndani yake kuna kachujio kadogo ambako watu wengi hawajui kama kapo. Kakiziba, tabo inakufa kwa kiu. Belti ya taiming, rola na pampu ya maji vyote vipya, maana kitabu kinataka belti kila kilomita 100,000 na mimi sikuwa na ushahidi wowote kwamba iliwahi kubadilishwa. Kwenye injini hii belti ikikatika valvu zinagongana na pistoni. Nilikuwa nimeendesha mwaka mzima juu ya belti ambayo umri wake haukujulikana.

Jumla, pamoja na brekidauni, usafiri, mashine na ufundi, Sh 4,900,000. Milioni mbili zilikuwa za msingi wa nyumba kwenye kiwanja changu Nala. Mama, niliyemficha kwa mwezi mzima, alipojua hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwanangu, na hiyo milioni kumi na nne ilikuwa ya nini?" Sikuwa na jibu. Ile ilikuwa ya kuliingiza getini. Kwa anayeanza leo nasema hivi: una milioni kumi na nne, tafuta gari la kumi. Nne zibaki, na uziingize gereji mwezi wa kwanza kabla hujapiga picha hata moja: belti, mipira yote ya maji na oili, oili zote pamoja na za gia na difu, plagi, breki, biringi za magurudumu. Ukiona milioni kumi haipati gari zuri la aina hiyo, subiri mwaka. Mimi nilisubiri kwa namna nyingine, miezi minne nikipanda daladala na gari limefunikwa turubai uani. Ule mwaka ungekuwa nafuu.

Februari 2023 liliwaka. Fundi alinikabidhi kwa agizo: kilomita 1,500 za mwanzo usiite tabo, badilisha oili ukifika 500, tena ukifika 1,500. Nilimwomba alipunguze nguvu kidogo kwenye kompyuta ya injini. Gari hili lilitengenezwa kwa ajili ya Japani na linatarajia petroli ya oktani ya juu. Likipewa ya chini yake kwenye joto na mzigo, mafuta huwaka kabla ya wakati wake ndani ya silinda na kuipiga pistoni. Wengi huenda kwa fundi kuongeza nguvu. Mimi nilirudi Dodoma na farasi wachache zaidi na usingizi wa kutosha. Niliondoa pia springi fupi na ile ekzosi ya kelele. Jirani yangu mwenye mtoto mchanga alikuja kunishika mkono.

Hata hivyo nilikosea tena mwaka huo huo. Njia ya Singida, karibu na Manyoni, tairi moja lilichanika ubavu. Nikanunua moja la mtumba, rimu ile ile ila chapa na kimo tofauti, matatu yaliyobaki yakiwa yamelika nusu. Gari hili linavuta kwa magurudumu yote manne. Tairi lenye mzingo tofauti linailazimisha difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kufanya kazi muda wote kana kwamba unakata kona isiyoisha. Baada ya miezi miwili, nikigeuza polepole kwenye maegesho, gari likawa linakaza na kurukaruka. Difu ya mtumba na kazi yake vilikula Sh 850,000. Sasa nanunua manne kwa pamoja, 1,120,000 mara ya mwisho, nayazungusha nafasi kila kilomita 5,000, na kwenye buti nina spea iliyolika sawa na yaliyo chini.

Mwaka 2024 nilianza kuandika kila shilingi kwenye daftari la shule linalokaa kwenye droo ya gari. Bila petroli, mwaka ule ulinitoka Sh 3,100,000 hivi, matairi na rejeta vikiwamo. Oili nabadilisha kila kilomita 4,000 badala ya 5,000 kwa sababu ya vumbi, kama Sh 190,000 na filta zake, mara tatu kwa mwaka. Oili feki zipo nyingi. Nanunua kwa muuzaji mmoja na chupa tupu nazitoboa nisije nikazikuta zimejazwa tena. Kila tarehe ya mshahara Sh 250,000 inakwenda kwenye laini ya simu ambayo haitumiki kwa kitu kingine. Mwezi ambao gari halidai kitu, pesa inabaki, haihami kwenda kwenye sherehe za watu.

Spea nazifuata mwenyewe zikiwa za pesa nyingi. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, naondoka alfajiri, nazunguka Gerezani na Shaurimoyo nikiwa na spea ya zamani mkononi ili nilinganishe, jioni nimerudi. Usiagize kwa jina. Spea ya Impreza ya kawaida na ya WRX yenye tabo zinafanana kwa macho na haziingiliani, nami koili mbili za makosa zilishawahi kunifikia kwa basi.

Kila Jumamosi saa moja asubuhi, kabla ya chai, naegesha sehemu tambarare uani na kupima oili, pande zote mbili za kijiti. Nikiwa nimetoka safari ya kasi, kilomita mbili za mwisho naenda taratibu ili tabo ipoe kabla ya kuzima. Barabara kuu nimeacha kushindana na mtu. Waliopigwa tochi ya polisi ya kupima mwendo Kongwa wanajua kwamba hamsini kijijini ni hamsini kweli. Na nikipata asubuhi tupu ya Jumapili natoka upande wa Mtera, mibuyu pembeni, gari likiwa limeshapata moto vizuri, nafungua gia ya tatu mpaka juu mara moja, mbili, kisha narudi zangu. Bado nywele zinanisimama.

Mwezi uliopita kijana wa ofisini, amemaliza chuo pale UDOM miaka mitatu iliyopita, aliniomba nimsindikize kuangalia Impreza ya mwaka 2005 huko Kisasa. Nyeupe, nzuri, sauti imetulia. Ameshatoa simu anapiga picha. Niliweka kiganja juu ya boneti, lilikuwa la moto. Nikamwambia dalali tunashukuru, tutarudi kesho saa kumi na mbili, na tafadhali asije mtu akaliwasha. Hakufurahi.

Kesho yake tulifika bado kuna ubaridi. Kijana akaweka kiganja chake mwenyewe, akaniangalia, akaingia na kuliwasha. Liligonga upande wa kushoto kama dakika nne nzima, moshi wa buluu ukasimama ukutani nyuma yetu, kisha kimya, likawa zuri tena kama jana. Dalali akasema ni baridi tu hiyo, mdogo wangu. Kijana alizima, akarudisha funguo kwa mikono miwili, tukaondoka. Hakuongea mpaka tulipofika karibu na Nkuhungu, ndipo akaniuliza kile kipimo cha kompresheni kinauzwa shilingi ngapi.